Mtambo ukihama Uyombo kwenda ziwani: maswali ya Kakamega kwa kampuni za nyuklia

Mwaka 2025, serikali ilipouelekeza mradi wake wa kawi ya nyuklia katika kaunti ya Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria, wengi wetu huku pwani tulishusha pumzi. Uyombo ilikuwa imepigana. Wavuvi, wenye mashamba na vijana wa wadi ya Matsangoni waliandamana, wakakabiliana na polisi mwezi Mei 2024, na malalamiko yao yalikuwa yameshafika Bunge la Seneti. Walitaja mkondo wa Mida, matumbawe ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Walitaja pia jambo jingine lililo rahisi zaidi: mtambo ukiharibika, nani atajibu?

Mradi haukufutwa. Umehama, na swali hilo limehama nao. Serikali imekuwa ikitaja mtambo wa megawati 1,000, ujenzi kuanza 2027 na umeme kutoka 2034. Kwa hiyo bado kuna faida ya kujua kampuni za nyuklia husimamia vipi usalama na huwatendea vipi majirani zao, na kwa kazi hiyo tumeamua kutazama mambo kutoka Kakamega. Msomaji wa Kisauni au Malindi anaweza kuuliza, kwa nini Kakamega? Kwanza, kaunti hiyo inapakana na Siaya, lakini ni nadra kutajwa mradi huu unapozungumziwa. Pili, Kakamega imewahi kuishi na kampuni kubwa iliyochimba chini ya mashamba ya wenyeji, kwa hiyo ina kumbukumbu ambayo Uyombo na Siaya hawana.

Jirani ni nani?

Kakamega haitajengewa mtambo. Kinu cha nyuklia kinataka maji mengi ya kupoza, na kaunti hiyo haina bahari wala ziwa. Ina mito, Nzoia, Isiukhu na Yala, ambayo yote huteremka kuelekea Ziwa Victoria. Mtu angeweza kusema basi, Wakakamega wako juu mlimani na mtambo uko chini majini, hayawahusu.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, halihesabu hivyo. Katika mwongozo wake wa kupanga dharura za vinu vikubwa limeweka duara nne. La kwanza ni kilomita 3 hadi 5 kutoka kwenye kinu, ambako watu huondolewa mara moja, hata kabla mionzi haijatoka. La pili hufika kilomita 15 hadi 30, na humo hupangwa mapema nani atahamishwa, kwa barabara ipi, na vidonge vya iodini vya kukinga tezi ya shingoni vitagawiwa wapi. La tatu hufika kilomita 100, ambako mionzi lazima ipimwe na watu wakatazwe baadhi ya vyakula. La nne hufika kilomita 300, na linahusu mazao na bidhaa.

Mji wa Kakamega uko ndani ya kilomita 100 kutoka ufuo wa Rarieda. Mombasa nayo ilikuwa ndani ya kilomita 100 kutoka Uyombo, na wangapi Mombasa waliambiwa hivyo? Kwa kaunti inayoishi kwa mahindi, miwa, mboga na maziwa, duara la tatu si jambo dogo. Mwaka 1957 kinu cha Windscale huko Uingereza kiliposhika moto, maziwa ya mashamba yaliyo katika eneo la kilomita mraba 500 hivi yalimwagwa. Ng'ombe hula majani, iodini yenye mionzi hukaa juu ya majani, na mtoto hunywa maziwa. Huko Japani mwaka 2011, amri za mwanzo za kuhama ziliishia kilomita 20 kutoka kinu cha Fukushima Daiichi, lakini kijiji cha Iitate, kilicho mbali zaidi, kilibidi kihamishwe baadaye kwa sababu upepo na mvua vilikuwa vimeelekea huko. Upepo haujui mpaka wa kaunti.

Usalama ndani ya ua la kampuni

Kinu cha nyuklia, ukiondoa vitisho, ni birika kubwa. Chembe za urani hupasuliwa, joto hutoka, maji huchemka, mvuke huzungusha mashine, umeme hupatikana. Olkaria nako ni mvuke unaozungusha mashine, ila huko joto linatoka ardhini. Tofauti kubwa ni kwamba birika hili halipoi ukilizima. Dakika ile kinu kinapozimwa, fueli bado hutoa asilimia 6 hadi 7 ya joto lake la kawaida, na joto hilo hupungua polepole kwa siku na miezi. Lazima maji yaendelee kuzunguka. Tetemeko la Machi 11, 2011 lilipotokea, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi Fukushima vilijizima sawasawa. Kilichofuata ni tsunami iliyozamisha jenereta za akiba, pampu zikakosa umeme, na fueli katika vinu vitatu ikayeyuka.

Kwa sababu hiyo kampuni hujenga kinga juu ya kinga: fueli yenyewe hufanywa vidonge vigumu kama vigae, vidonge hufungwa ndani ya mirija ya chuma, mirija huwekwa ndani ya chungu kizito cha chuma, na chungu hufunikwa na jengo nene la zege. Pampu huwekwa zaidi ya moja, na jenereta vilevile. Mfanyakazi huvaa kibeji cha kupimia mionzi, na kipimo chake huandikwa katika rekodi yake. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni wastani wa milisiviati 20 kwa mwaka katika miaka mitano, bila kupita 50 katika mwaka mmoja wowote. Kwa mwananchi wa kawaida ni milisiviati 1 kwa mwaka juu ya mionzi ya asili.

Hayo ndiyo kampuni hupenda kueleza. Yapo mengine yasiyohusu mionzi hata kidogo. Mtambo wa nyuklia ni kiwanda: una mabomba ya mvuke, nyaya za umeme mkubwa, winchi na ngazi ndefu. Mwezi Agosti 2004 huko Mihama, Japani, bomba la mvuke usio na mionzi lilipasuka na kuua wafanyakazi watano. Bomba lilikuwa limelika kwa ndani mpaka likawa jembamba, na sehemu ile haikuwa imekaguliwa tangu mtambo ulipoanza kazi mwaka 1976. Waliokufa walikuwa watu wa kampuni ya kandarasi, waliokuwa wakijiandaa kwa matengenezo.

Hilo la kandarasi lishikwe vizuri. Vijana wa Lurambi, Mumias au Bondo wakipata kazi katika ujenzi, wengi wataajiriwa na mwanakandarasi wa mwanakandarasi. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, pamoja na ile ya fidia kwa waumiao kazini ya mwaka huohuo, zinawahusu. Ila mfanyakazi wa vibarua akihama kutoka kandarasi moja hadi nyingine, rekodi yake ya mionzi inaweza kupotea njiani. Inafaa kuuliza mapema: rekodi hiyo itawekwa na nani, na kijana ataweza kuidai akiwa na miaka 60 akiugua?

Anayemchunga mchungaji

Baada ya ajali ya Three Mile Island huko Marekani mwaka 1979, kampuni za nyuklia za huko ziliunda taasisi ya kukaguana zenyewe kwa zenyewe. Baada ya Chernobyl ziliunda ya dunia nzima, WANO, mwaka 1989. Wakaguzi wa kampuni moja huenda kwa nyingine na kusema kweli bila kuona haya. Mpango huo umesaidia sana, lakini ripoti zake hazitolewi kwa umma. Jirani wa mtambo hawezi kuzisoma.

Kwa jirani, aliye muhimu ni mdhibiti wa serikali. Mwaka 2002 kampuni ya TEPCO ya Japani ilikiri kwamba kwa miaka mingi ilikuwa imebadilisha rekodi za ukaguzi wa vinu vyake. Wakubwa wake walijiuzulu na vinu vyake vyote 17 vikasimamishwa kwa muda. Miaka tisa baadaye Fukushima, mtambo wa kampuni hiyohiyo, ukaharibika. Tume huru iliyoundwa na bunge la Japani ilisema mwaka 2012 kwamba maafa yale yalisababishwa na binadamu, na kwamba mdhibiti, serikali na kampuni walikuwa wameshikana mno. Aliyepaswa kukagua alikuwa rafiki wa mkaguliwa.

Kenya ilitunga sheria mbili mwaka 2019. Sheria ya Kawi iliunda NuPEA, shirika la serikali lenye kazi ya kuuleta mtambo. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia iliunda KNRA, mamlaka yenye kazi ya kutoa leseni na kukagua. Kuwatenganisha ni jambo jema na ndivyo IAEA inavyotaka. Kwa karatasi tuko sawa. Wapwani, hata hivyo, tumeona karatasi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga sumu ya risasi katikati ya makazi ya watu kwa miaka, huku mamlaka ya mazingira ikiwepo na sheria ikiwepo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikizibebesha lawama kampuni na idara za serikali pia. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hiyo ni sumu ya betri kuukuu, na ni kesi iliyoshinda.

Msaada na haki ni vitu viwili

Kampuni ikija, huja na orodha: darasa, zahanati, kisima, basari, jezi za timu ya kandanda. Hakuna ubaya kupokea darasa. Tatizo ni kwamba vitu hivyo hutolewa kwa hiari ya anayetoa, na mwenye kutoa anaweza kusitisha. Kakamega inalijua hili kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Kenya.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyosema ardhi ya hifadhi za Waafrika itakuwa yao milele. Kipande kikihitajika kwa kazi ya umma, wenyeji wangeshauriwa kupitia baraza lao na kupewa ardhi nyingine ya kiasi kilekile. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, katika hifadhi ya Kavirondo Kaskazini. Wazungu walifurika kwa mamia, wengi wao walowezi waliofilisika kwa mdororo wa uchumi wa dunia. Mwezi Desemba 1932 sheria ilirekebishwa haraka: kwa ardhi ya madini, hakukuwa na haja tena ya kutoa ardhi badala ya ardhi, fidia ya fedha ilitosha, na baraza la wenyeji halikulazimika kushauriwa. "Milele" ilikuwa imedumu miaka miwili. Mjadala ulifika hadi bunge la London, wabunge wakanung'unika, na uchimbaji ukaendelea.

Mgodi wa Rosterman, ubavuni mwa mji wa Kakamega, ulifanya kazi mpaka mwaka 1952, kisha kampuni ikafunga na kuondoka. Jina lake limebaki kuwa jina la kijiji. Mashimo nayo yamebaki, na watu bado hushuka humo wakitafuta mabaki ya dhahabu. Akina mama husaga mawe, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki kwa mikono mitupu. Watu hufukiwa mashimo yanapoporomoka. Kampuni iliyochimba haina ofisi ya kubishiwa mlango.

Siku hizi kampuni ya Shanta Gold inataka kuchimba Isulu na Bushiangala, katika eneobunge la Ikolomani, na familia nyingi zingelazimika kuhama. Kikao cha kusikiliza maoni ya umma mwezi Desemba 2025 kiliishia kwa ghasia. Mtu akishangaa kwa nini Wakakamega hawaaminiani na wawekezaji, aanze kusoma habari za mwaka 1932.

Hata hivyo mchimbaji dhahabu wa leo anabanwa na kitu ambacho kampuni ya nyuklia haitabanwa nacho. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo ina mgao kwa mvuke wa ardhini, na jamii ya mahali hupata asilimia 5. Kwa umeme wa nyuklia sheria hiyo haikuweka mgao kama huo. Sababu inaeleweka: urani itanunuliwa ng'ambo, kwa hiyo hakuna mali ya asili ya Siaya inayochimbwa. Kinachotumika ni maji ya ziwa, ardhi ya wenyeji na utulivu wao wa moyo, na hivyo havina mrabaha. Mgao usipoandikwa kabla ya ujenzi, kitakachobaki ni jezi.

Wengine wamefanyaje

Huko Finland, sheria ya mwaka 1987 inaipa halmashauri ya mahali uwezo wa kukataa. Kinu kipya au ghala la taka za nyuklia haliwezi kujengwa bila idhini ya halmashauri ya manispaa husika, na serikali kuu haiwezi kupindua uamuzi huo. Halmashauri ya Eurajoki ilikubali vinu, ikakubali hata ghala la kuzika fueli iliyotumika ndani ya mwamba, na hupata kodi ya majengo kutokana na mitambo hiyo. Ilikubali ikiwa na uwezo wa kukataa, na hilo ndilo linaloifanya kampuni iwe na adabu.

Karibu nasi zaidi ni Koeberg, kaskazini mwa Cape Town, mtambo pekee wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi barani Afrika. Kinu chake cha kwanza kilianza 1984, cha pili 1985. Sheria ya Afrika Kusini ya 1999 inamlazimisha mwenye leseni, ambaye ni Eskom, kuunda baraza la kuwapa wakazi wa jirani habari za usalama, na wakazi huhudhuria na kuuliza. Ving'ora hujaribiwa, na kalenda yenye maelezo ya nini cha kufanya wakati wa dharura hupelekwa majumbani. Kalenda ukutani, mtu huiona kila siku. Ni wazo rahisi na la maana.

Si kila kitu huko ni shwari. Bodi ya mdhibiti wa Afrika Kusini ina kiti cha mwakilishi wa jamii zinazoguswa na nyuklia. Mwaka 2022 waziri alimfukuza mwakilishi huyo, aliyekuwa mpinzani wa wazi wa kuongeza muda wa Koeberg. Mwaka 2023 mahakama kuu ikasema kufukuzwa kwake hakukuwa halali. Kiti kilimwezesha kusema, na sheria ilimwezesha kwenda mahakamani aliponyamazishwa. Taka nazo zinasumbua: zile za mionzi midogo hupelekwa Vaalputs, jangwani, lakini fueli iliyotumika bado imehifadhiwa palepale Koeberg baada ya miaka 40.

Misri ni funzo la aina nyingine. El Dabaa, pwani ya Bahari ya Kati, ilitengwa kwa nyuklia tangu miaka ya themanini na ardhi ikazungushiwa ukuta. Mwezi Januari 2012 wenyeji waliona hawajalipwa haki yao. Wakauvamia uwanja, wakabomoa majengo na kujirudishia ardhi. Ardhi ilirudi mikononi mwa serikali mwaka 2013, baada ya mazungumzo ya fidia na makazi mapya. Ujenzi wa kinu cha kwanza, unaofanywa na Rosatom ya Urusi, ulianza Julai 2022. Miaka karibu 30 ya kutosikilizwa ililipiwa kwa mkupuo mmoja.

Cha kudai kabla ya jiwe la msingi

Wakazi wa Siaya watadai yao, nao ndio wenye ardhi. Kakamega ina madai yake ya jirani wa duara la tatu. Itaje kwa maandishi kwamba imo katika mpango wa dharura. Iulize vipimo vya mionzi ya asili katika maji ya Nzoia na Yala, udongo na maziwa vitachukuliwa lini, kwa maana visipopimwa kabla ya mtambo kuanza, hakutakuwa na cha kulinganisha baadaye. Iulize hospitali ya rufaa ya kaunti itapewa vifaa na mafunzo gani. Iulize ikitokea soko la maziwa limefungwa kwa agizo la usalama, mfugaji wa Butere atalipwa na mfuko upi, na nani anaujaza. Fedha za kubomoa mtambo utakapozeeka nazo ziulizwe mapema, kwani Rosterman haikuacha senti ya kufukia mashimo.

Njia ya kuuliza ipo. Ripoti ya athari za mazingira ya mradi mkubwa lazima itangazwe na NEMA ili umma utoe maoni, na maoni ya maandishi yana uzito kuliko kelele za mkutanoni, kwa sababu hubaki katika faili ambayo hakimu anaweza kuiitisha. Na chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, raia yeyote, awe Kakamega, Siaya au Kilifi, anaweza kuiandikia NuPEA au KNRA barua kuomba hati. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Wakikataa, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Barua haihitaji wakili wala ada ya kuiwasilisha.